Moshi unaouona haufiki kwenye ozoni, gesi usiyoiona ndiyo inayofika: uzi wa fundi friji, Malindi

FundiBaridi

Assalamu alaikum waungwana, na wengine wote hamjambo.

Mimi ni fundi wa friji na AC hapa Malindi, kazi hii nimeianza mwaka 1994. Juzi tulikuwa juu ya paa la hoteli moja, tunashusha AC kuukuu tufunge mpya. Kijana ninayemfundisha kazi, hodari kwelikweli, akachukua spana akalegeza nati ya bomba. Gesi yote ikatoka fyuuu, ikaisha. Nikamkaripia. Akanitazama kwa mshangao: "Fundi, si hewa tu hii? Haina moshi, haina harufu, haiwashi macho. Tazama kule." Akanionyesha taka zinazochomwa nyuma ya mtaa, moshi mweusi umepanda mpaka juu ya minazi. "Ule ndio wa kukaripiwa."

Sikuwa na jibu zuri pale pale. Siku tatu nimekaa nalo. Swali lake ni la haki, na jibu lake liko kinyume na macho yanavyoona, ndiyo maana nimeamua kuliandika kwa urefu.

Ule moshi mweusi ni sumu kwa mapafu ya majirani, wala sisemi uachwe. Lakini hauna umri. Masizi yake hutua, mvua huyaosha, na gesi zake nyingi hugeuka kuwa kitu kingine ndani ya siku au wiki chache. Tabaka la ozoni, ile ngao ya hewa inayotukinga na mionzi mikali ya jua, liko mbali sana, kati ya kilomita 15 na 35 juu ya vichwa vyetu. Kwa kawaida hata wingu zito la masika huishia chini yake. Moshi wa jaa hufa njiani.

Sasa gesi ya friji. Zamani friji zilitumia amonia au dioksidi ya salfa, na ikivuja usiku watu waliweza kufa vitandani. Mwaka 1928 huko Marekani, Thomas Midgley na wenzake wakapata jamii ya gesi zinazoitwa kloroflorokaboni, hizo CFC. Haziwaki. Hazina sumu. Haziyeyuki majini. Haziungani na kitu chochote kirahisi. Kwa mafundi wa dunia nzima ilikuwa ni faraja, na R-12, mojawapo ya hizo CFC, ikaingia kila friji.

Sifa hizo hizo ndizo zilizoifikisha juu. Mvua haiwezi kuiosha kwa kuwa haiyeyuki. Hewa haiwezi kuila kwa kuwa haiungani. R-12 ukiiachia leo huweza kukaa angani kama miaka 100, ikichanganywa na pepo za dunia nzima, ikipanda polepole, mpaka ifike palipo na mionzi ya jua mikali ambayo kule chini haifiki. Hapo tu ndipo inapopasuka, na ikipasuka inaachia klorini.

Ozoni ni oksijeni tatu zilizoshikana. Klorini ikija humnyang'anya mmoja, wawili wanabaki oksijeni ya kawaida tunayoipumua. Kisha klorini humwachia yule aliyemchukua kwa oksijeni nyingine iliyo peke yake, inabaki mikono mitupu, inarudi kwa ozoni nyingine. Yenyewe haiishi. Atomi moja ya klorini huweza kuvunja molekuli za ozoni zipatazo 100,000 kabla haijanaswa.

Nasema haya nikiwa na deni. Miaka ile ya 1990 nilitengeneza vyumba vya baridi vya samaki, na tulikuwa tukisafisha mabomba kwa kuyapuliza kwa R-12 yenyewe, maana ilikuwa bei rahisi kuliko kununua mtungi wa naitrojeni. Mtungi mzima ulikwenda hewani kwa kusafisha bomba tu. Mkataba wa Montreal, wa nchi za dunia kuacha gesi zinazoharibu ozoni, ulikuwa umeshasainiwa miaka saba kabla sijaanza kazi, tarehe 16 Septemba 1987. Mimi nilikuja kuusikia baadaye sana. Ile gesi niliyopuliza wakati ule, nyingi bado iko juu hivi sasa ninapoandika.

Mvuvi_wa_Amu

Alaikumu salaam fundi, Mungu akulipe kwa kueleza. Mimi niko Amu, kazi yangu bahari. Swali langu: kaskazi ya miaka hii joto limezidi. Barafu tuliyokuwa tukipakia ikitosha siku tatu sasa siku mbili ni maji. Wazee hapa muini wasema mbingu imetoboka. Ndiyo hiyo ozoni?

FundiBaridi

Ndugu yangu, swali hili nalisikia kila mahali, hata redioni huchanganywa. Ni mambo mawili.

Joto linatoka kwa gesi zinazolifunika dunia kama blanketi: kabonidioksidi ya mafuta na makaa, methani, na nyinginezo. Ozoni kazi yake ni kuzuia mionzi ya urujuanimno, na mionzi hiyo huisikii kama joto. Waweza kuwa baharini asubuhi, upepo wa kusi unavuma, wingu jembamba, umetulia huna habari, na ngozi inaungua. Kwa hiyo barafu yako haiyeyuki kwa sababu ya tundu la ozoni.

Ila kuna fundo moja linaloyaunganisha, nalo ni langu mimi fundi. Hizi gesi za friji ni blanketi pia, na zito. Kilo 1 ya R-12 hufunika joto zaidi ya mara 10,000 kuliko kilo 1 ya kabonidioksidi kwa kipindi cha miaka 100. R-22 iliyokuwa kwenye ile AC ya hoteli, kama mara 1,800. Basi ile fyuuu ya juu ya paa imetuumiza pande zote mbili.

Na hilo "tundu", yaani mahali ozoni inapopungua sana, halijawahi kuwa juu ya Amu wala Malindi. Liko juu ya Antaktika, hufunguka kila mwaka mwezi wa Septemba na Oktoba, kisha hujifunga.

Mwl_Kemia

Fundi umeeleza vizuri, niruhusu niongeze. Nafundisha kemia sekondari hapa Malindi, na kila mwaka wanafunzi huniuliza: kama gesi zilitoka Ulaya na Marekani, mbona tundu liko Ncha ya Kusini wanakoishi ndege wa barafu?

Jibu ni baridi na giza. Klorini ikishafika juu, nyingi hunaswa ndani ya misombo iliyotulia, haina madhara makubwa. Lakini majira ya baridi ya Antaktika, kule juu hushuka chini ya nyuzi 78 za baridi. Upepo unazunguka ncha kama duara lililofungwa, hewa ya nje haiingii. Hapo hutokea mawingu ya ajabu ya barafu na asidi, na juu ya chembe za mawingu hayo klorini iliyokuwa imenaswa hufunguliwa. Inakaa ikisubiri gizani. Jua la kwanza la Septemba likichomoza, kazi inaanza, na kwa wiki chache sehemu kubwa ya ozoni ya pale inakwisha. Mwanasayansi Susan Solomon ndiye aliyeeleza habari ya mawingu hayo mwaka 1986, akaenda mwenyewe Antaktika kupima.

Tundu lenyewe liligunduliwa na Waingereza watatu, Farman, Gardiner na Shanklin, wakatangaza mwaka 1985. Kilichowapa nguvu ni daftari. Kituo chao cha Halley Bay kilikuwa kikipima ozoni ya mahali pale pale tangu miaka ya 1950, kwa chombo cha aina ile ile, mwaka baada ya mwaka. Nawaambia wanafunzi wangu: kupima kitu kimoja kwa miaka thelathini kunachosha, na ndiko kulikotuonyesha.

Kisha jambo la kwetu, ambalo naona wengi hawalijui. Ozoni nyingi hutengenezwa juu ya ukanda wetu huu wa ikweta, kwa kuwa jua letu ni kali. Lakini pepo za juu huichukua zikaipeleka kwenye ncha. Ni kama yule mama anayeoka mkate wa mofa alfajiri: tanuri liko kwake, mikate iko kwenye nyumba za watu. Ukiikusanya ozoni yote iliyo juu yako ukaishusha mpaka usawa wa bahari, wastani wa dunia ni unene wa milimita 3 hivi. Ya kwetu haifiki hapo, ni kama milimita 2 na nusu na kidogo. Ndiyo maana jua la Malindi hung'ata hata pasipo uharibifu wowote. Upungufu uliotokea huku ikweta umekuwa mdogo ukilinganisha na ncha. Lakini mwenye akiba ndogo hana cha kuchezea.

Mwana_wa_Pwani

Nimesoma yote. Sasa niambieni, sisi tulitoa nini? Babu yangu hakuwa na friji. Mama yangu alinunua ya kwanza mwaka 2003, tena mtumba. Walioharibu ni wao, kisha fundi wa Malindi ndiye anayeambiwa usiachie gesi. Uchungu wangu ni huo.

FundiBaridi

Uchungu wako ni wa kweli, nami sitaupunguza. Miaka ya 1980 dunia ilikuwa ikitengeneza zaidi ya tani milioni 1 za CFC kwa mwaka, na sehemu kubwa ilitumika Marekani, Ulaya na Japani. Si friji peke yake: makopo ya marashi ya kupuliza na sponji za magodoro pia.

Lakini katika mikataba yote ninayoijua, huu ndio ulioliandika neno lako. Nchi tajiri zilitakiwa kuacha CFC kufikia mwaka 1996. Nchi kama Kenya zikapewa mpaka 2010. Ukaundwa mfuko, matajiri watie fedha, sisi tupewe mafunzo na mashine. Mimi mwenyewe mafunzo yangu ya kwanza ya kuvuta gesi badala ya kuiachia niliyapata kwa njia hiyo. Na walioubeba hawakuwa wazungu pekee. Mwaka 1974 waliotoa onyo la kwanza walikuwa wawili, Sherwood Rowland na Mario Molina, na Molina ni mtu wa Mexico. Aliyekuwa mkuu wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, akawaketisha wakubwa mpaka wakakubaliana, ni Mmisri, Mostafa Tolba, na ofisi yake ilikuwa Nairobi. Hata leo ofisi inayoshughulikia mkataba huu iko Nairobi hiyo hiyo.

Mwl_Kemia

Na mkataba huo umefanya kazi, kaka Mwana wa Pwani. Nchi zote zimeuridhia, wanachama 198 ukihesabu na Umoja wa Ulaya. Ripoti ya wanasayansi ya mwaka 2022 inasema hali ikiendelea hivi, ozoni itarudi ilivyokuwa mwaka 1980 kufikia kama 2040 sehemu nyingi za dunia, 2045 juu ya Aktiki, na 2066 juu ya Antaktika. Wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza wataliona hilo wakiwa na wajukuu.

Mwana_wa_Pwani

Nimekuelewa dada. Hesabu naikubali. Uchungu unabaki, lakini hesabu naikubali.

Mzee_Ngomeni

Vijana wangu, mimi ni wa Ngomeni, jirani na Malindi. Nyinyi mmeyasoma, mimi nimeyaona. Ule mnara wa San Marco uliomo baharini, Waitaliano walikuwa wakirusha roketi pale. Tulikuwa tukisimama ufukweni, ardhi inatetemeka. Moja ilibeba setilaiti iliyoitwa Uhuru kwa kuwa ilirushwa siku ya Jamhuri, 12 Desemba 1970. Nataka kujua, roketi zile hazikutoboa hiyo ozoni?

Mwl_Kemia

Shikamoo mzee. Swali zuri mno. Roketi zile zilikuwa za aina ya Scout, mafuta yake ni makavu, na moshi wake una klorini kweli. Tena roketi ina balaa moja kuliko gari: inapita katikati ya tabaka lenyewe, haihitaji kusubiri kupanda. Lakini kutoka mwaka 1967 mpaka 1988 pale Ngomeni zilirushwa setilaiti 9 tu. Mbele ya tani milioni za CFC kila mwaka, hizo si kitu. Wanasayansi wanaangalia roketi za leo kwa kuwa zinazidi kuwa nyingi.

Kuna jingine la kituo hicho ambalo linanipa fahari. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, hapo hapo kwenu walikuwa wakirusha maputo yenye vipimo vya ozoni, kazi iliyounganisha vituo vingi vya nchi za joto, na Nairobi pia. Puto linapanda likipima hewa hatua kwa hatua mpaka linapasuka, kama kilomita 30 juu. Kwa hiyo hewa ya juu ya Malindi imo kwenye daftari la dunia.

Mzee_Ngomeni

Marahaba. Maputo nayakumbuka. Hatukuambiwa ni ya nini.

BodaWaMaweni

Nami niulize kabla uzi haujaenda mbali. Nilisikia pikipiki zetu zinatoa ozoni. Sasa kama inapungua juu na sisi tunaitoa huku chini, si tunasaidia?

Mwl_Kemia

Haifiki juu, mdogo wangu. Moshi wa injini haubebi ozoni moja kwa moja. Gesi zake zikipigwa na jua kali hutengeneza ozoni hapa tunapopumua, nayo inakwaruza mapafu, mwenye pumu anaumia zaidi, hata mimea inadhurika. Nayo haiishi muda mrefu, inavunjika huku huku chini. Ozoni ni ile ile, ubaya na uzuri wake ni mahali ilipo.

NesiWaMacho

Nipitie haraka, niko zamu. Wavuvi na waongozaji watalii: maji na mchanga mweupe hurudisha mionzi kutoka chini, kofia peke yake haitoshi, vaeni miwani inayozuia urujuanimno. Mtoto wa jicho husababishwa na mengi, na miaka mingi ya jua kali ni moja yao. Na kwa ndugu zetu wenye ualbino hili si somo la darasani. Kansa ya ngozi inawachukua wakiwa vijana. Mikono mirefu, losheni, kivuli kuanzia saa nne mpaka saa tisa. Mwenye mtoto shuleni mwenye ualbino azungumze na walimu kuhusu gwaride na michezo ya mchana.

Mwenye_Nyumba_ya_Wageni

Fundi, mimi nina vyumba sita Lamu, AC zote ni za R-22. Nikaambiwa nizitupe. Ni kweli?

FundiBaridi

Bi mkubwa, usizitupe. AC isiyovuja haidhuru kitu, gesi iko ndani inazunguka tu. Ubaya ni tabia hii ya "jaza gesi" kila kaskazi. Gesi ya AC haiishi kama petroli. Ikipungua, imevuja, na fundi anayeongeza bila kutafuta tundu amekuuzia gesi ya kwenda hewani. Mwambie apake povu la sabuni kwenye viungo, aone linapochemka. Kwa Lamu na Malindi hewa ya chumvi hutafuna koili za nje, anza kutafutia hapo.

R-22 ni afadhali kuliko R-12. Inaishi miaka kama 12 tu angani, na uharibifu wake kwa ozoni ni kama sehemu moja ya ishirini. Lakini ina klorini, kwa hiyo nayo inaondoka: kufikia 2025 nchi zetu zilitakiwa kuwa zimepunguza kwa asilimia 67.5, na 2030 ndio karibu mwisho, inabaki kidogo ya matengenezo. Bei itapanda. Zikichakaa, nunua mpya zisizo na klorini. R-410A haigusi ozoni ila kwa joto ni kama R-22, mara 2,000 hivi. Gesi za namna hiyo ndizo nchi za dunia zilizokubaliana kuzipunguza huko Kigali mwaka 2016. R-32 ni nafuu, kama mara 675. Ukipata ya R-290, hiyo ni propani, madhara yake ya joto ni kidogo mno.

Tahadhari kwa mafundi wenzangu. R-290, na R-600a ya friji ndogo za nyumbani, zinawaka. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuwasha gesi ya kuchomelea. Usitie R-600a kwenye mashine isiyotengenezewa. Na mtungi wa bei ya kutupa, wenye maandishi yaliyofutika, uache dukani.

Kanuni za Kenya kuhusu gesi hizi zipo tangu 2007, kuingiza na kuuza kunahitaji leseni. Kuachia hewani ndiko kunakofanyika kila siku juu ya mapaa yetu, na hakuna anayetuona isipokuwa sisi wenyewe.

Mvuvi_wa_Amu

Fundi, umenitia hofu. Nina friza mbili kuukuu kule Mokowe, za marehemu baba, zimekufa zamani. Moja tumeilaza chali, tunatilia barafu ya samaki. Nyingine kuna kijana ataka kuikata achukue shaba. Zina hiyo R-12?

FundiBaridi

Tazama kibandiko karibu na kompresa. Ni za mwaka gani?

Mvuvi_wa_Amu

Baba alizinunua Mombasa, 1989. Kibandiko kimeliwa na kutu lakini nasoma "R" na "12". Cha pili hakisomeki.

FundiBaridi

Basi mwambie kijana asiiguse. Akikata bomba, gesi yote imekwenda. Na hata kama bomba limeshavuja zamani, lile sponji la manjano lililo kwenye kuta za friza za umri ule lilivimbishwa kwa R-11, ndugu yake R-12. Likiwa zima, gesi nyingi imefungwa ndani yake. Likivunjwavunjwa na kuchomwa jaani, inatoka. Hiyo ya barafu endelea kuitumia, ni matumizi mema kabisa, usiitoboe ukuta.

Mashine ya kuvuta gesi ninayo, tumeichangia mafundi wanne. Kilo ngapi zimo sijui mpaka niweke geji, lakini friza ya ukubwa huo haikosi robo kilo kama haijavuja. Jumamosi nina kazi upande wa Hindi, hapo Lamu bara, nitapitia Mokowe mchana na mtungi mtupu. Shaba kijana ataichukua nikimaliza. Nitakuja na yule kijana wangu wa juu ya paa, ndiye atakayeshika vali.

Mvuvi_wa_Amu

Karibuni. Nitawangojea gatini na samaki.